Pini ya kilti isiyotulia: kwa nini hudondoka na namna ya kuikalisha

Swali: "Naishi Glasgow na mwaka huu nimealikwa harusi tatu za marafiki wa Kiskoti. Nikaamua ninunue kilti yangu mwenyewe (ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti), ya sufu nzito, na pini ya umbo la upanga. Kwenye harusi ya kwanza pini ilidondoka, ikaja kuokotwa chini ya meza. Kwenye ya pili niliichomeka ikapita kitambaa cha juu na cha chini ili isitoke tena. Kweli haikutoka, lakini nilipoinuka kwenye kiti nikasikia kitu kinachanika, na sasa kuna tobo la urefu wa punje ya mchele. Harusi ya tatu ni baada ya wiki tatu. Nifanyeje pini ikae bila kuniharibia nguo?"

Ndugu yangu, kama pini bado iko kwenye kilti, ichomoe leo hii, na usiichomeke tena kupitia vitambaa vyote viwili. Wageni wengi wa vazi hili hukosea hapo, na ni rahisi kukosea, kwa sababu pini ina sura ya kitu cha kufungia. Lakini pini ya kilti ya mwanamume haifungi chochote. Kinachoifunga kilti ni mikanda ya ngozi na bizimu zake kiunoni. Kwa kawaida ni mitatu, miwili upande wa kulia na mmoja upande wa kushoto unaopenya kwenye tundu lililoshonewa ubavuni. Pini ni pambo lenye uzito kidogo, linalokaa kwenye aproni ya nje peke yake, yaani lile pande bapa la mbele lisilo na marinda. Inasimuliwa kwamba Malkia Victoria alimpa askari pini yake siku ya upepo mkali ili ajisitiri. Ni hadithi tamu, ila imewafanya watu wengi waamini kwamba kazi ya pini ni kubana.

Ukiielewa sababu ya tobo lako, mengine yote yatakuwa mepesi. Aproni ya nje inashikiliwa kiunoni kulia, na ya ndani, yaani pande la pili lililo chini yake, inashikiliwa kiunoni kushoto. Chini, pande hizo mbili ziko huru kabisa. Unapotembea, kila moja inafuata paja lake. Unapokaa, mapaja yanatanuka, na ile ya nje inateleza juu ya ya ndani kwa sentimita kadhaa. Ukiwa umezipigilia pamoja kwa pini, mvuto wote huo unaangukia nyuzi mbili tatu zilizozunguka sindano. Sufu ya kilti ni ngumu, lakini si ngumu kiasi cha kubeba mwili wa mtu mzima unaoinuka kitini. Hata kabla haijachanika, ungeona mbele ya nguo inavutwa mshazari, na mistari ya tatani, kile kitambaa cha mirabaraba cha kilti, haisimami wima tena.

Kwa hiyo pini ibaki kwenye tabaka moja. Hapo ndipo swali lako la kwanza linaporudi: kwenye tabaka moja itakaaje bila kudondoka? Ilidondoka mara ya kwanza kwa sababu moja au zaidi kati ya hizi: ilichota kitambaa kidogo mno, ilichomekwa upande wa juu ukiwa chini, au ndoano yake haikuwa imeishika ncha barabara. Tuanze na pini yenyewe, kwa sababu hata ukiichomeka vizuri namna gani, pini mbovu itafunguka.

Igeuze uitazame mgongoni. Utaona sindano, bawaba inayoishika upande mmoja, na ndoano inayopokea ncha upande wa pili. Ndoano ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ndoano wazi, kipande cha chuma kilichokunjwa kama herufi C, na sindano inakaa humo kwa nguvu ya mkunjo wake tu. Ya pili ina kigurudumu kidogo kinachozungushwa baada ya ncha kuingia, mlango ukazibika. Hiyo ya pili ni salama zaidi, na kama pini yako ya sasa itakushinda, unaponunua nyingine tafuta hiyo kabla ya kutazama umbo. Kuna pia zile zinazofanana na pini kubwa ya nepi, zenye springi ya mzingo upande mmoja na kofia upande wa pili. Sura yake haina madoido, lakini kwa kukaa mahali hazina mpinzani.

Fanya jaribio hili. Fungua ndoano na uiachie sindano bila kuigusa. Sindano nzuri inainuka yenyewe kidogo kutoka kwenye mwili wa pini. Kuirudisha kwenye ndoano kunataka uisukume kwa kidole, na ikishaingia unaona imeegemea ukuta wa ndani wa ndoano kwa nguvu. Sindano iliyochoka inaning'inia tu, ukiigeuza pini inaanguka huku na huko kama mlango usio na kitasa. Hiyo itatoka hata ukiwa umesimama. Tazama pia ncha: ikishafungwa, ipite ndoano kwa milimita 2 hadi 4. Ikiishia ndani ya ndoano, mtikisiko mdogo tu utaichomoa. Ikipita zaidi ya hapo itakwaruza nguo na kunasa nyuzi.

Sasa marekebisho. Kama tatizo ni ndoano wazi iliyotanuka, chukua koleo dogo la mdomo mrefu, ufunge midomo yake kwa utepe au kitambaa laini lisiache alama, kisha uminye ndoano taratibu mpaka mlango wake ubaki mpana kuliko sindano kwa kiasi kidogo sana, sindano iingie kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa. Minya kidogo, jaribu, minya tena. Kama pini ni ya pyuta, ile aloi ya bati yenye rangi ya kijivu, kuwa mwangalifu mara mbili. Mara nyingi bawaba na ndoano ni vipande vya chuma kingine vilivyounganishwa kwa joto mgongoni, na ukivipindisha kwa pupa vinabanduka. Vikibanduka, mpelekee sonara na umwambie waziwazi kwamba ni pyuta. Aloi hiyo huyeyuka chini ya nyuzi 250 za Selsiasi, na moto unaotosha kulehemu fedha utaigeuza pini yako kuwa tone la chuma mezani. Usijaribu gundi ya papo kwa papo. Hushika kwa muda, huacha utando mweupe, na ikidondokea sufu haitoki.

Kama tatizo ni bawaba iliyolegea, angalia ribiti, kile kijiti cha chuma kilichopita katikati yake. Ukiiweka pini juu ya kitu kigumu na kuibana ribiti kwa koleo pande zote mbili, mara nyingi kulegea kunapungua na sindano inapata ukakamavu. Sindano ikiendelea kuyumba, hiyo ni kazi ya sonara na si ya gharama kubwa.

Kuna kasoro ya tatu ambayo watu wengi hawaitambui, na kwa kilti yako ya sufu nzito naishuku sana. Vitambaa vya kilti hutofautiana: vya wastani vina kama gramu 400 kwa mita, vizito vina kama gramu 500. Unapochota kitambaa kinene kama hicho kwa sindano iliyonyooka kabisa, kitambaa kinajaa katikati, kati ya sindano na mwili wa pini, na kinaisukuma sindano itoke nje. Ncha inapanda hadi kwenye midomo ya ndoano badala ya kulala chini kabisa. Ukiitazama utadhani imefungwa. Ukitikisa mara tatu inachomoka. Dawa yake ni kuipa sindano tumbo dogo: ishike kwa vidole karibu na bawaba, uipinde polepole ili katikati yake iachane na mwili wa pini kwa milimita 2 au 3 zaidi, na ncha irudi kuelekea ndoano. Sasa kitambaa kina nafasi yake katikati, na ncha inalala pale inapotakiwa kulala. Pinda mara moja kwa utulivu. Chuma kinachopindwa na kunyooshwa mara nyingi huchoka na kukatika.

Mwisho, pitisha ncha kwenye ukucha wako. Ikikwaruza au ikikwama, ina kijiusi, yaani kijichongoko kidogo cha chuma. Isugue kwa msasa laini sana, ukizungusha, mpaka iteleze. Ncha kali na laini inapenya kati ya nyuzi na kuzisogeza. Ncha butu au yenye kijiusi inazikata, na uzi uliokatika haurudi.

Tuje kwenye mahali pa kuchomeka. Vaa kilti, funga mikanda, simama wima mbele ya kioo. Pini inakaa pembeni chini, kulia, karibu na matamvua, yale yale unayoyajua kwenye ncha za kikoi, ila hapa yameshonewa ubavuni mwa aproni. Wengi huiweka sentimita 5 kutoka ukingo wa kitambaa kuelekea ndani, na ncha yake ya chini ikiwa sentimita 10 juu ya pindo, wima, sambamba na matamvua. Vipimo hivyo si sheria. Mtu mfupi aliyevaa kilti fupi anaweza kuishusha au kuipandisha kwa sentimita 2 au 3. Usiisogeze karibu sana na ukingo, kwa sababu uzito wake utaukunja ukingo nje, na matamvua yataingia kwenye ndoano. Usiipeleke ndani sana pia, maana ukikaa itakuwa juu ya goti, mahali panapokunjwa kila mara. Tia alama mbili ndogo kwa chaki ya fundi, kisha vua kilti.

Ndiyo, vua. Kuchomeka pini ukiwa umevaa, umeinama, unapapasa, ndiko kunakofanya watu wachote aproni ya ndani bila kujua, au wachote uzi mmoja tu wa kitambaa. Ilaze kilti mezani, uso juu. Penyeza kipande cha kadibodi kati ya aproni ya nje na ya ndani, chini ya alama zako, ili ncha ikigonga ujue umefika mwisho. Papasa kitambaa kwa vidole: karibu na ukingo wa kulia aproni imekunjwa kwa ndani, kwa hiyo hapo kuna unene wa tabaka mbili za kitambaa kilekile. Huo si ukiukaji wa ile kanuni ya tabaka moja, maana zote ni za aproni ya nje na zinatembea pamoja. Ukiweza kuipitisha sindano hapo kwenye mkunjo, pini itapata mahali imara zaidi kuliko kitambaa kitupu.

Na sasa jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote: uelekeo. Bawaba iwe juu, ncha ielekee chini. Fikiria pini imefunguka katikati ya ngoma. Ili itoke kwenye kitambaa, ni lazima isogee kinyume cha ncha yake. Ncha ikiwa inatazama chini, pini ni lazima ipande juu ndipo itoke, na uzito wake wenyewe unaikatalia. Inabaki imening'inia kama koti kwenye msumari, nawe unapata nafasi ya kuona na kuifunga tena. Ncha ikiwa inatazama juu, uzito uleule unaivuta chini, itoke mara moja, na hutasikia kitu kwa sababu ya muziki. Pini nyingi za umbo la upanga zina kile kisu mbele na bawaba mahali popote fundi alipoona panafaa, kwa hiyo usitazame upanga, tazama mgongo. Ikiwa kwenye pini yako upanga ukikaa unavyotaka bawaba inakuwa chini, una hiari mbili: geuza upanga, au uache hivyo na uweke ulinzi wa pili nitakaoueleza hapa chini. Bila ulinzi huo usitoke nayo.

Uchotaji wenyewe uko hivi. Ingiza ncha kutoka mbele, karibu na bawaba, iende nyuma ya kitambaa, kisha irudi mbele. Urefu wa kitambaa kilichochotwa uwe milimita 10 hadi 15 kwa sufu nzito kama yako. Kwa kitambaa chepesi, au kile cha nyuzi za viwandani kisicho sufu, chota mara mbili, milimita 6 hadi 8 kila mara, ili uzito ugawanyike. Kitambaa cha namna hiyo pia hakizibi matundu yake kama sufu, kwa hiyo alama utakazotoboa zitabaki. Mchoto wa kwanza ukae kwenye theluthi ya juu ya pini. Ukichota chini tu, kichwa cha pini kitaanguka mbele, kitaning'inia mbali na nguo, na kitakuwa ndoano ya kunasa kila kiti utakachopita. Pini iliyochotwa juu inalala bapa, inatulia.

Ikishafungwa, inua aproni kwa mkono mmoja uitikise kama unavyokung'uta mkeka. Kisha itikise tena huku ukisukuma sindano kwa kidole gumba kutoka nyuma. Ikihimili hayo mawili, ndoano iko sawa.

Kwa siku ya kawaida hayo yanatosha. Kwa harusi, ambako kuna kucheza kwa kushikana mikono na kuzungushwa mpaka usiku wa manane, ongeza ulinzi wa pili. Kuna njia tatu, na nitakwambia ninayoipendelea.

Rahisi kabisa ni kizibo cha mpira cha hereni, kile kidude cheupe au kisicho na rangi kinachozuia hereni isitoke sikioni. Baada ya kufunga, kisukume kwenye ncha iliyopita ndoano. Kinazuia ncha isirudi nyuma, na hakionekani. Ila ncha iwe imepita ndoano angalau milimita 3, vinginevyo hakina pa kushika. Beba viwili vya akiba kwenye sporani, ule mfuko wa mbele, maana ni vidogo na hupotea. Wale wanaofunga hijabu kwa pini wanaijua mbinu hii vizuri.

Njia ya pili ni mnyororo wa usalama: mnyororo mwembamba wa sentimita 4 au 5, upande mmoja umeunganishwa kwenye kipete kidogo mgongoni mwa pini, na upande wa pili una pini ndogo ya kawaida. Hiyo ndogo unaichomeka upande wa ndani wa aproni ya nje, kwenye ule mkunjo, isionekane. Pini kubwa ikifunguka na kutoka, inabaki imening'inia. Kwa pini ya fedha, au ya urithi, mnyororo huu ni wa lazima kwa maoni yangu. Sonara huuongeza kwa muda mfupi.

Ya tatu ndiyo ninayoipendelea kwa harusi: uzi. Chukua sindano ya mkono na uzi wa poliesta wa rangi inayofanana na sehemu ile ya tatani, uukunje uwe mara mbili. Pini ikiwa imeshafungwa mahali pake, pitisha uzi kutoka ndani ya aproni, uzungushe shingo ya pini karibu na bawaba, urudi ndani. Fanya hivyo mara nne, bila kuvuta kwa nguvu, na ufunge fundo ndani. Kisha fanya mizunguko mitatu upande wa ndoano, uzi upite juu ya sindano na mwili wa pini kwa pamoja. Kazi nzima ni dakika 5. Sasa hata ndoano ikifunguka, pini haina njia ya kupanda wala kushuka. Kesho yake unakata uzi kwa mkasi mdogo, ukikata upande wa ndani, ambako makali hayatagusa uso wa tatani. Hakikisha tu kwamba sindano ya mkono haikupita hadi aproni ya ndani. Kadibodi yako ibaki pale pale mpaka umalize.

Pini za sumaku zipo pia, na zinavutia kwa kuwa hazitoboi. Kwenye mtandio mwepesi zinafaa. Kwenye sufu ya kilti sumaku mbili zinatenganishwa na unene wa kitambaa, zinashika kwa msuguano tu, na mguso wa pembeni wa kiti unaziteleza. Sikushauri.

Kuhusu uzito: pini nyingi ziko kati ya gramu 20 na 40. Sufu nzito kama yako inabeba hata ile ya juu bila shida. Kitambaa chepesi kinalegea na kupinda chini ya pini ya gramu 40, na matundu yake yanatanuka kila unapopiga hatua.

Siku yenyewe, angalia nyakati tatu. Ukiwa unakaa: laza marinda kwa nyuma kwa mkono ili ukalie bapa, kisha upeleke mkono wa kulia kwenye pini uilaze juu ya paja kabla hujasogea karibu na mkono wa kiti. Ukiinuka, mkono huohuo uende hapo kwanza. Ukiwa kwenye gari: dereva wa Uingereza anakaa kulia kama wa kwetu, kwa hiyo pini iko upande wa mlango, na mfuko wa mlango ni mahali inapopenda kunasa. Abiria wa mbele ana pini upande wa gia na bizimu ya mkanda wa gari. Vuta aproni iingie kati ya mapaja kabla ya kufunga mkanda. Ukiwa unacheza: adui si kuruka, ni lesi. Gauni la lesi likipita karibu na pini iliyosimama nje linanasa, na hapo utaharibu nguo mbili kwa mpigo. Ndiyo maana nimesisitiza pini ilale bapa na ncha isizidi.

Usiku ukirudi, toa pini kabla ya kutundika kilti. Ikiachwa, uzito wake unafanya kazi kwenye matundu yaleyale wiki nzima, na unyevu wa jasho au mvua unaacha doa la kutu au la kijani. Matundu madogo kwenye sufu hurudi yenyewe kwa kiasi kikubwa: shikilia pasi ya mvuke sentimita 2 juu ya kitambaa, isiguse, kwa sekunde chache, kisha yasugue kwa ukucha kwa upole, mara kwa wima, mara kwa mlalo, nyuzi zirudi mahali pake. Kilti ikienda kwa dobi wa kusafisha kwa dawa, iende bila pini.

Limebaki tobo lako. Punje ya mchele ni kama milimita 6 au 7, na linatengenezeka kabla ya wiki tatu. Kama kuna fundi wa kilti mjini kwako, na Glasgow wapo, mpe yeye, hasa kama nyuzi za pande zote mbili, za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana), zimekatika. Kama zimekatika za upande mmoja tu, hata fundi cherehani mtulivu, au wewe mwenyewe, mnaweza.

Kwanza, usikate nyuzi zinazoning'inia. Zivute zote kwa nyuma kwa sindano butu. Kama kuna uzi uliovutika bila kukatika, usambaze urefu wake kwa kuuvuta kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka kitanzi kiishe. Pili, tafuta nyuzi za kitambaa hichohicho. Ziko ndani ya ule mkunjo wa aproni upande wa kulia, kwenye ukingo uliokatwa na usioonekana. Chomoa nyuzi chache zenye urefu wa sentimita 20 hivi, kila moja kwa rangi ya mstari unaoutengeneza. Tatu, geuza aproni, kaa kwenye mwanga, uanze sentimita 1 kabla ya tobo. Tatani ya kilti imefumwa mshazari: uzi unapita juu ya mbili, chini ya mbili, na kila mstari unaanza uzi mmoja pembeni. Fuata mpango huohuo, uvuke tobo, uishie sentimita 1 upande wa pili, ukiacha mikia ya nyuma milimita 5 bila kufunga mafundo. Fundo litaonekana kwa mbele kama upele. Usivute. Ukivuta, tobo litazibika lakini kitambaa kitajikunja, na hakuna pasi itakayokinyoosha.

Nne, weka kiraka cha nyuma: pamba nyembamba ya sentimita 3 kwa 3, ya rangi iliyofifia, ishonewe kwa mishono midogo inayoshika nusu ya unene wa sufu tu. Usitumie vile viraka vya gundi vinavyobandikwa kwa pasi. Vinakakamaza kitambaa, na siku ya kwanza ya mvuke vinaonekana kwa mbele kama kioo kidogo. Maliza kwa mvuke, pasi ikiwa juu, na kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati.

Halafu usiirudishe pini juu ya mshono huo, ingawa utatamani itumike kuuficha. Nyuzi mpya hazijashikana na za zamani na hazitabeba uzito. Isogeze sentimita 2 kando, kuelekea ukingo kama tobo liko ndani, au juu kidogo kama liko chini. Jicho la mtu halitaona tofauti hiyo, na mishono yako itapata muda wa kutulia.